Maelezo Niliyoyatunga

La Rochelle, Johannesburg
Jumanne

Kwako Shemeji Célestine,

Pokea salamu nyingi katika jina la Bwana. Natumaini u mzima, Carmel na Gradi wanasoma vizuri, na mgongo wa mama umepunguza kumsumbua. Ukiuliza hali yangu, mwili haujambo. Bado nalinda mlango wa duka la samani, nasimama kutwa. Moyo ndio mgonjwa.

Nimepata ujumbe wako kwamba umeuza shamba, na kwamba Jumamosi unapanda basi na watoto kuja kumtafuta kaka Marcellin. Tangu Jumapili simu yako inaita, nami naiangalia tu. Naujua mdomo wangu: nikisikia sauti yako utadanganya tena. Ndiyo maana nimempa barua hii Gaël, yule mfanyabiashara wa vitenge. Kesho anapanda ndege ya Bujumbura, na Alhamisi atakuwa huko kwenu Uvira. Nimemwapisha akukabidhi mkononi.

Shemeji, unaijua riwaya yangu. Ndugu wawili wanavuka mto Limpopo kwa miguu, mkubwa anashikwa na homa, mdogo anakaa naye mpaka anakata roho, kisha anamzika. Jaladani tuliandika kwamba ni riwaya, lakini nani kanisani anasoma jalada? Ulipofika kwenye kovu la shavuni na wimbo aliopenda kaka kuuimba akinyoa ndevu, ulinyoa nywele ukakaa matanga. Huku Mchungaji Ephraim akaniita, akanitoa kwenye kwaya, akasema kama nilimzika ndugu yangu kimya kimya nikawaambia watu tulipotezana mpakani, nisimame nishuhudie. Mama naye akapiga simu, akataka kujua kaburi liko wapi.

Nikaogopa. Nikamwendea Mama Rosalia, mwalimu Mtanzania aliyeolewa Soweto, ndiye aliyenisahihishia kitabu. Akacheka, akasema wasomaji ni wale wale siku zote; hata Ulaya, karne ya kumi na nane, alikuwako mwandishi aliyechapisha maelezo juu ya riwaya yake mwenyewe, akiwafundisha watu namna ya kuisoma. Yeye alidhani ananipa elimu. Mimi niliona pango la kujificha.

Kwa wiki tatu nikaandika kijitabu cha kurasa ishirini, kikachapwa Newtown, nikakigawa mlangoni mwa kanisa, na nakala zikafika mpaka Uvira. Humo nikaeleza kwa nini ndugu mkubwa ilibidi afe, eti hadithi isiyo na kifo haifundishi. Nikajisifu kwa ufundi wangu, Shemeji, aibu iliyoje. Na ukurasa wa mwisho nikaandika kwamba kaka yangu halisi yu hai, anauza nguo Cape Town, tuligombana tu ndiyo maana haonekani. Mchungaji akanirudisha kwaya. Nawe ukaondoka matangani, ukavaa kitenge cha rangi, ukaanza kufunga mizigo. Niliyaandika yale ili niponyoke mimi. Sikufikiri kwamba wewe ungeyashika kama ahadi.

Mwite mama akae karibu nawe kabla hujaendelea.

Kaka Marcellin amekufa. Riwaya ndiyo iliyokaribia ukweli, maelezo ndiyo niliyoyatunga. Na hata kwenye riwaya nilijipendelea. Sikukaa naye. Alikuwa anapumua bado, amenishika shati. Waliokuwa wakituvusha walisema lori halingoji. Kaka akaniambia, "Joël, usiniache hapa. Nitatembea tu." Nikambandua vidole kimoja kimoja, nikaenda.

Aliyemzika ni Sipho, Mzimbabwe wa kundi lililofuata. Alimkuta ana uhai kidogo, kaka akamtajia jina langu na La Rochelle, tulikokuwa tukienda. Alinitafuta miezi miwili mpaka akanipata, akanipa pete yenye jina lako kwa ndani. Hakunitukana, afadhali angenitukana. Miaka minne nimeificha. Imo katika bahasha hii.

Nakusihi usipande basi. Hapa hakuna mtu wa kumtafuta. Jumapili nitasimama kanisani niseme haya, wanifanye watakavyo. Sikuombi msamaha, sijui hata ningeanzia wapi.

Msalimie mama. Akizikataa salamu zangu, usimlazimishe. Watoto waambie baba yao alizikwa na mtu mwema. Wakiuliza mimi nilikuwa wapi, waambie.

Ni mimi, mdogo wake Marcellin,
Joël