Omena Kwenye Ngome za Wenyewe

Dundee, Scotland
Jumatatu, 15 Julai 1996

Kwa ndugu yangu Nicodemus,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi, wewe na Mama Wesley, Ken na Risper, na wale wajukuu wanaoniita Babu Mkurya kana kwamba sina jina. Mimi ni mzima, ila midomo imepasuka kwa upepo, na goti langu la kulia, lile unalolicheka, limegoma kupanda ngazi. Habari za mgongo wako? Na ziwa je, linatoa samaki au linatoa magugu tu? Mahindi mmevuna, au bado unangoja Ken avune peke yake halafu wewe useme mmevuna?

Najua unashangaa kwa nini nakuandikia na mwisho wa mwezi ujao nitakuwa nimerudi. Sababu ni kwamba kuna neno ambalo sitaki ulisikie pale stendi ya Migori mbele ya watu, maana nakujua, utakuja kunipokea na nusu ya kwaya. Kwa hivyo, omera, ndugu yangu, keti. Kama unasoma barua hii ukitembea kutoka posta, tabia yako ya tangu zamani, tafuta jiwe ukae. Na kabla hatujafika kwenye neno lenyewe utazivumilia ngome kwanza, kwa sababu mimi nilizivumilia kutwa nzima.

Ulinituma kitu kimoja. Shule yangu ilipopata urafiki na shule ya huku, na mimi kati ya walimu wote nikachaguliwa kuja kuona wenzetu wanavyofundisha, wewe hukuuliza habari za elimu. Ulisema: mtafute Wesley, uniletee jibu, anakuja lini kujenga nyumba yake. Kwetu Kuria jambo hili lingemalizwa mchana mmoja na sufuria ya nyama, lakini nyinyi Wajaluo mna mambo yenu, mdogo hawezi kujenga kabla ya mkubwa. Basi Ken wa watu, mke anaye, watoto wawili anao, na bado analala kwenye kile kijumba cha ujana karibu na lango lako. Mvua ikinyesha Risper anahamisha sufuria kufuata matone. Na wewe mwenyewe uliniambia ameapa kwamba mvua za Novemba hazitamkuta humo, atachukua watoto arudi kwao Ndhiwa. Yote hayo yanangoja jibu la mtu mmoja aliyeko Scotland mwaka wa saba huu.

Na Mama Wesley akaongeza omena, dagaa wa ziwa lenu. Jerusha mkeo ni mtu wa Mungu, lakini omena zile alizifunga kwa nailoni moja tu. Nilizipitisha kwa maafisa wa uwanja wa ndege nikimwomba Mungu azibe pua zao, na nadhani alizisahau za wawili. Nilipofika hapa nikakata shauri: Wesley hataonja hata samaki mmoja mpaka anipe jibu lako. Nikazitia kwenye mkoba wangu wa shule, na jana Jumapili, Wesley alipokuja kunichukua, nikatoka nazo begani kama mtu anayebeba mateka.

Alikuja na kigari chekundu cha rafiki yake, mlango wa upande wangu ukifunguliwa kutoka nje tu. Amekuwa mtu mzima, mrefu, ana kidevu chako na upole wa mama yake. Alinipokea kwa heshima zote, Mwalimu hapa, Mwalimu pale. Akasema leo atanionyesha ngome za pwani. Nikadhani ni ngome moja, tuitazame, tukae, tuongee. Omera, pwani ya watu hawa imejaa ngome jinsi Karungu ilivyojaa kunguru.

Ya kwanza iko St Andrews, juu ya genge, bahari chini inanguruma. Mama wa langoni alimwita Wesley kwa jina, akatupitisha bila kiingilio. Kifua kilinijaa kwa niaba yako. Nikajisemea, kweli injinia ni injinia, hata huku anajulikana. Ndani hamna paa, ni kuta zilizobomoka na nyasi zilizonyolewa vizuri kuliko kichwa changu. Kuna shimo limechongwa ndani ya mwamba, jembamba juu na pana chini kama kibuyu, ndimo walimotupa wafungwa. Nikamwuliza Wesley anakuja lini nyumbani. Akanijibu kwamba shimo lile halina mlango mwingine.

Nikadhani hakusikia kwa sababu ya upepo. Tulipofika ya pili nikamwuliza tena, polepole, kama ninavyomwuliza mtoto wa darasa la pili. Akaniambia ukuta huo ni wa karne ya kumi na nne na chokaa yake ilichanganywa na makombe ya baharini. Ya tatu nilimweleza habari za Risper na sufuria zake. Alisikiliza, halafu akanionyesha kwa kidole tundu la kurushia mishale. Nicodemus, nimefundisha miaka mingi, nimejibiwa upuuzi wa kila namna, lakini sijawahi kuuliza habari za nyumba nikajibiwa habari za mishale.

Halafu ikaja Dunnottar. Hiyo iko juu ya jabali ambalo bahari imelizunguka karibu pande zote, na njia ya kuifikia ni ngazi za kushuka hadi chini kabisa, halafu ngazi za kupanda tena. Mtu mwenye akili angejenga upande huu. Goti likalia. Kofia yangu, ile ya harusi ya Ken, ilichukuliwa na upepo na sasa iko njiani kwenda Norway. Na ndege wa baharini wa huku, weupe, wakubwa kama bata, walikuwa wamekwisha kuzinusa omena. Mmoja alitangulia akaketi ukutani akinitazama mkoba. Wakaja wengine. Nilizunguka ngome ya wafalme nikiandamana na msafara wa ndege wanaopiga kelele, watalii wananipiga picha. Nilipoketi kupumua mmoja alitua begani, akapasua nailoni ya Mama Wesley kwa mdomo, akaondoka na mdomo uliojaa. Wesley alicheka mpaka akashika ukuta. Akaniambia, kwa huruma, kwamba ingekuwa rahisi ningempa tu zile omena. Nikamwambia ingekuwa rahisi angenijibu tu.

Tukala mkate baridi wenye jibini na vipande vya tango, chakula ambacho sitakieleza zaidi. Akanisimulia kwamba zamani taji la mfalme lilifichwa humo, adui wakiizingira ngome, na mke wa mchungaji mmoja akalitoa nje kisiri. Nikasema afadhali mama huyo, yeye alijua pa kupeleka mzigo wake. Mimi wangu naubeba tangu Migori na hakuna anayeupokea.

Hapo ndipo uvumilivu wangu uliisha, na nakiri nilisema kwa sauti ambayo huwa naiweka kwa wanaochelewa asubuhi. Nilimwuliza nani anaishi kwenye ngome hii. Akasema hakuna. Ile ya asubuhi? Hakuna. Watoto wa wenyewe wako wapi? Akasema wengine waliuawa, wengine waliuza, wengine walienda tu wakakaa kwingine. Nikamwambia basi kwenu hii inaitwa gunda, boma lililohamwa, na baba yake hulima mboga kwenye gunda la babu yake bila kumtoza mtu kiingilio. Nikamwambia ananizungusha magunda ya watu wasio na mtu, na boma la baba yake liko njiani kuwa hivyo hivyo. Tena mashimo ya mishale halina.

Tulirudi garini, akaendesha, mvua ikaja ikaenda, jua likarudi. Nilianza kujuta. Mimi hukasirika kwa haraka na kujuta kwa haraka zaidi, ndiyo maana sijawahi kuwa mwalimu mkuu.

Ya mwisho ilikuwa ngome ndogo, mnara mmoja na ukuta, jina lake siwezi kulitamka na sitajaribu kuliandika. Ilikuwa jioni, ingawa jua la huku jioni liko pale letu linapokuwa saa kumi. Tulipoingia tu kengele ikalia, na watu wachache waliokuwemo wakaanza kutoka. Nikamshika mkono nikamwambia twende, tutafungiwa humu na hawa ndege. Wesley akatoa mfukoni kitita cha funguo.

"Usiwe na wasiwasi, Mwalimu. Anayefunga ni mimi."

Alienda kwenye kibanda cha langoni, akamshukuru mzee aliyemshikia zamu, akatoa koti la kijani lililopauka mabegani, lenye nembo ya mnara kifuani, akalivaa. Akafagia pale mlangoni. Akaokota karatasi na vifuniko vya chupa kwenye nyasi. Mimi nilisimama na mkoba wangu. Halafu akaketi kando yangu kwenye benchi, akanieleza yote bila mimi kumwuliza.

Nicodemus, Wesley si injinia. Mwaka wa pili chuoni wale waliokuwa wakimlipia karo waliacha kulipa, na akaambiwa atoke. Hakukuandikia kwa sababu wiki hiyo hiyo ilifika barua yako ukimweleza kwamba umechinja, na kwamba Karungu nzima sasa inakuita Baba Injinia. Akangoja kidogo kwanza apate njia ya kurudi chuoni. Njia haikupatikana, kidogo ikawa miaka. Anakata nyasi za ngome hizi, anapaka mawe chokaa, anafungua asubuhi na kufunga jioni. Ndiyo maana wa St Andrews walimjua, aliwahi kuwasaidia kujenga upya ukuta wao. Kazi anaipenda, nisimsingizie. Hakuwa akinikwepa tu aliponitajia chokaa na makombe. Alikuwa ananionyesha kazi yake, na mimi namkaripia.

Nilimwuliza, basi kwa nini asije hata wiki mbili, ajenge kijumba, Ken apite. Akaniambia:

"Mwalimu, nikija hivi nilivyo, baba ataniita nani?"

Ninakuandikia kwa sababu jibu ni lako, mimi ni mbeba mkoba tu. Lakini kwa kuwa tumeshiriki chaki na ugali tangu shule ya Macalder, nitasema moja na utanisamehe. Lile jina la Baba Injinia umelipenda mno. Umelipaka kwenye mlango wa duka lako. Kwa mtoto aliyeko mbali, jina hilo ni refu kupita ukuta wowote alionionyesha jana, nalo halina hata tundu la mishale.

Sasa lililobaki. Kule Macalder ulinisimulia habari za jirani yenu aliyekuwa Dar es Salaam asiyeweza kuja, na wazee wenu wakakubali nyumba yake isimamishwe shati lake likiwa limetundikwa kwenye nguzo, ili wadogo zake wapite. Nilikucheka siku hiyo, nikasema nyinyi mnaweza kuozesha hata shati. Jana nililikumbuka na sikucheka. Nilimweleza Wesley. Akanipeleka chumbani kwake, akafungua kabati akatoa koti la suti jeusi, jipya, bado limo kwenye nailoni ya duka. Alilinunua kwa ajili ya siku ya kurudi. Akasema nilichukue hilo.

Nikakataa. Nilimwambia mtu hasimamishiwi nyumba kwa nguo ambayo hajawahi kutoka jasho ndani yake, na ingawa mimi ni Mkurya na sina haki ya kuwafundisha desturi yenu, nadhani wazee watakubaliana nami. Nikaomba lile la kijani. Akasema baba ataona nembo. Nikamwambia ndiyo, ataona.

Akalivua. Ninalo hapa, nimelikunja ndani ya sanduku, halijafuliwa, linanukia nyasi na moshi wa tumbaku ya yule mzee. Hakuniambia anakuja lini, na sitakutungia tarehe. Alisema neno moja tu: kwamba koti likitundikwa na mkono wako mwenyewe, si wa Ken wala wa mjomba, mtu amwandikie, naye atajua jibu lako.

Ukitaka, sitamwambia mtu, nitashuka stendi na koti likiwa sandukuni, tuseme ni zawadi. Lakini Risper anaangalia mawingu. Na siku mkono wako utakapofika kwenye nguzo ile, watu wakiuliza hiyo nembo ni ya nini, waambie ni ya ngome anakofanya kazi mwanangu Wesley. Wesley ndilo jina ulilompa wewe.

Nisalimie kanisa lote, na yule mwizi wa chaki zangu ambaye sasa ni mzee wa kanisa. Mgongo usiuinamishe kwa kujionyesha kwamba bado una nguvu. Mungu awashike mkono nyumba nzima mpaka tuonane.

Ni mimi rafiki yako asiye na kofia,
Mwl. Simeon Ryoba

Nyongeza: Mwambie Mama Wesley omena zilifika, pungufu ya zile za ndege. Wesley alizikaanga na kitunguu jana hiyo hiyo. Alikula akiwa amesimama jikoni, akamaliza, akakwangua sufuria, na hakunibakizia hata kichwa.