Nimerudi Kwenye Tandiko

3 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Huku hatujambo. Mjukuu wako amehamia bweni la chuo na nyumba imekuwa kubwa ghafla. Nyonga inaendeleaje? Kaka anasema unaikataa fimbo.

Nina jambo, nimelizunguka wiki nzima. Nimerudi kwenye farasi. Miaka arubaini na saba, kutwa nimejikunja karakana nikichonga meno ya bandia, na Jumamosi napanda farasi mzee wa kijivu mwenye tumbo kama pipa. Ni dresaji ileile uliyonifundisha: farasi aende, ageuke na asimame kwa ishara ambayo mtazamaji haioni. Mwalimu wangu ana miaka ishirini na tisa, ananiita mama. Siku ya kwanza nilishuka, nikajifungia chooni nikalia, wala si kwa maumivu.

Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Mwanao

19 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Nyonga inalalamika kuliko mwenyewe. Fimbo nimeikubali, mwambie kaka yako aache umbea.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Miaka ishirini na saba tumeandikiana habari za mvua, watoto na paa linalovuja, lakini farasi hatujamtaja. Sababu ni mimi. Nilikufokea mbele ya watu, ukiwa bado uwanjani, eti farasi kaanza mbio kwa mguu wa kulia badala ya wa kushoto. Ukashuka, ukanikabidhi hatamu, ukasema, "Hutaniona tena juu ya farasi." Na kweli sijakuona.

Sasa naomba: nije Jumamosi moja nitazame? Nitakaa kimya.

Huyo mwenye tumbo usimvute mdomo. Mwambie kwa kiuno. Toa pumzi kabla ya kumsimamisha.

Baba yako

2 Machi

Baba,

Shikamoo, na pole na nyonga. Mimi mzima ila mapaja, ngazi napanda kinyumenyume.

Nilitoa pumzi, akasimama taratibu, miguu minne sawia. Mwalimu akauliza nilijifunza wapi. Nikasema kwa baba yangu.

Kuhusu kuja, nisamehe. Nikikufikiria umesimama kando ya uwanja, mabega yananipanda hadi masikioni na farasi anachanganyikiwa. Macho yako bado siyawezi. Nifundishe kwa barua. Tarehe 20 Juni kuna mashindano madogo hapahapa, nimejiandikisha.

Halafu, mbona mwandiko wako umekuwa mkubwa hivi? Mistari sita inajaza ukurasa.

Mwanao

11 Machi

Binti yangu,

Marahaba, hatujambo. Nimekusikia, sitakuja. Mwandiko ni kalamu mbaya.

Kwenye duara, usitazame shingo ya farasi. Tazama unakokwenda, naye atakwenda.

Baba yako

24 Juni

Baba,

Shikamoo. Unalalaje siku hizi za baridi?

Nimekuwa wa saba kati ya tisa. Kona ya kwanza tu farasi aliuona mwavuli wa majaji akagoma kama mtoto mbele ya sindano. Lakini duara la mkono wa kushoto, baba, jaji ameandika: "Wepesi. Wamekuwa kitu kimoja." Nilipotoka nikajikuta nasaka kofia yako kwenye uzio. Mimi niliyekukataza.

Niandikie upesi.

Mwanao

15 Agosti

Binti yangu,

Marahaba. Natumai u mzima, na usikasirike kabla hujafika mwisho. Barua yako imekaa mezani wiki saba kwa sababu nimeshindwa kuijibu kwa uongo.

Nilikuja. Nilimbembeleza kaka yako tukaondoka alfajiri, akaniacha nyuma ya tangi la maji, nikajificha kama mwizi wa kuku. Wakakutaja kwenye kipaza sauti. Nikajiambia, sasa. Nikaona kitu cha kijivu kikipita juu ya mchanga, basi. Macho yameota ukungu, mwanangu. Daktari anasema ni mtoto wa jicho, kote kuwili, na ndiyo siri ya mwandiko. Nilidhani nikiyakaza nitakuona.

Nilisikia kwato tu. Ulipoingia lile duara zikalingana, mbili kwa mbili, zisikosane hata mara moja. Nililishika tangi kwa mikono yote.

Neno nililokupa nimelivunja, na bado sijakuona. Niambie unavyokaa juu yake. Mabega yako bado ni yale ya marehemu mama yako?

Baba yako

9 Septemba

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, na nyumba yote salama.

Nilikasirika siku nne. Siku ya tano nilikuwa kazini, taya ya plasta ya mteja mkononi, nikakuona nyuma ya lile tangi, umesimama asubuhi nzima kwa nyonga hiyo. Nikaomba ruhusa nikaenda nyumbani.

Kaka ameniambia zamu yako ya upasuaji wa macho ni Januari. Sitaki tungoje. Ijumaa ijayo nakuja kukuchukua. Jumamosi utakaa kwenye kiti katikati ya uwanja, nami nitakuzunguka kwa karibu, mpaka mchanga ukurukie viatuni. Ukisikia kosa usinyamaze. Sema kwa sauti ya kawaida, nitakuwa nasikiliza.

Kuhusu mabega sina la kukuandikia. Nikishuka, utayashika mwenyewe.

Mwanao