Sikio Chini ya Blanketi

Kabula mjukuu wangu, mwangaluka!

Huku Ngulyati tunaendelea. Pamba imeanza kupasuka, na bibi yako bado anagombana na mbuzi wa jirani.

Umeuliza kama kujifukiza nyungu kunatibu mafua, maana wagonjwa wa hapo zahanati unapofanya kazi hawaishi kukuuliza. Nilipokuwa mdogo nikishikwa na mafua, mama alikuwa anachemsha majani ya kivumbasi, ananifunika blanketi pamoja na chungu, kisha naye anaingia. Nilidhani anashika chungu nisiungue. Kumbe alikuwa ananiwekea sikio mgongoni, anasikiliza ninavyohema. Siku moja alilitupa blanketi pembeni, akanibeba mbio kwa daktari.

"Kifua hiki si cha majani," alisema.

Juzi mafua yalinibana, nikajifukiza peke yangu. Majani yalikuwa yaleyale na jasho lilitoka, lakini mle ndani nilimkumbuka mama mpaka basi. Mafua yaliisha yalipotaka yenyewe.

Kikohozi kidogo kimebaki. Ukija likizo, chungu nitakichemsha mimi. Wewe ingia tu, uniwekee sikio mgongoni.

Babu yako