Ngoro za Agosti

Lizaboni, Jumatano, Agosti 1993

Kapinga amechimba ngoro uani, mbele ya vyumba tulivyopanga. Kwao Umatengoni mashimo hayo ya kulimia huchimbwa mlimani, wakati wa mvua za Machi, majani yakiwa marefu. Hapa ni tambarare, vumbi tupu, na ni Agosti.

Alihamia mjini bei ya mbolea ilipomshinda. Kibarua cha kubeba magunia nacho kimekwisha. Nilidhani amechoka tu.

Wapangaji walimcheka. “Kapinga, unapanda vumbi?”

“Chekeni tu, jamani,” akajibu kwa upole, bila kuinua kichwa. Upole ule sikuupenda.

Jioni mkewe alikuja kwangu. “Shikamoo, babu. Mwenzangu halali siku hizi. Anasema shimo la mwisho ni lake.”

Nikamwambia aniletee jembe nilifiche, na kesho twende naye hospitali. Nami nilipohamishwa kwetu nilikosa usingizi miezi mingi, ila nilihama na ndugu. Yeye hapa, mbali na mkewe, ana mimi tu.

Jembe liko chini ya kitanda changu. Lakini uani nasikia udongo ukikwanguliwa. Anachimba kwa mikono.

Naacha kuandika, nikakae naye.