Chokaa Chini ya Kiatu

Assumani,

Wamekugeuza kombe. Ni la bati lililopakwa rangi ya dhahabu, lina mikono miwili kama sufuria, na jina lako limeandikwa bila kosa, jambo ambalo karatasi za mechi hazikuwahi kukufanyia ulipokuwa hai. Jumapili iliyopita timu yetu ya mpira wa kikapu ya Kasongo ilicheza fainali ya kombe hilo na vijana wa Salamabila. Kabla mpira haujarushwa, prezida wa komite alishika maikrofoni akasema marehemu alikuwa mchezaji wa mfano, mtu wa nidhamu, ambaye hakuwahi kubishana na mwamuzi hata mara moja. Watu wakapiga makofi. Walewale waliokuita Inua-Kiatu ndio waliopiga makofi. Mimi nilikuwa mezani pangu pa redio, nikaandika maneno yake yote kama ninavyoandika kila kitu. Nilipoyasoma tena, wewe hukuwemo. Niliweka kalamu chini nikanywa maji.

Miezi saba sasa tangu ile homa ikuchukue kwa siku nne. Nianze na yaliyobadilika, maana ungeniuliza hayo kwanza.

Prezida mpya ni yule mnunuzi wa dhahabu wa Salamabila ambaye watu wanamwita Mizani. Umemwona mara nyingi, akija na pikipiki mbili nyuma yake. Amechukua timu zote nne za Kasongo na Kabambare, pamoja na hiyo ya Salamabila, amezinunulia jezi na viatu, na kila mwisho wa mwezi analipa wachezaji. Kweli analipa. Vijana waliokuwa wakitoka shambani na jembe begani kuja mazoezini sasa wanaitwa wachezaji wa kulipwa, na baadhi wameacha kazi nyingine zote. Hili ni jema, na nimelisema redioni.

Kisha akaleta kanuni. Unakumbuka ile mechi ya Salamabila ambapo wachezaji walimzunguka mwamuzi wakamsukuma mpaka miwani yake ikakanyagwa? Wewe mwenyewe ulisema wale walistahili kufungiwa. Mizani alianzia hapo, na mwanzo ulikuwa wa haki. Lakini kifungu alichoandika kinasema mchezaji yeyote atakayepinga uamuzi kwa mdomo, kwa mkono au kwa ishara nyingine yoyote atapewa kosa la adabu palepale uwanjani, wapinzani watatupa mpira wa adhabu, na mshahara wake utasimama mpaka komite ikae. Alipoulizwa hata kapteni akitaka kuuliza kwa heshima itakuwaje, alijibu: "Mutu analipwa kucheza. Kusema ni kazi ya nani?" Wazee wa komite wakacheka, na kanuni ikapita.

Mimi sikucheka, lakini sikusema kitu pia. Nilikuwa mwandishi tu.

Sasa nikukumbushe wewe ulikuwa nani, kwa sababu naona wameanza kukusahau kwa makusudi.

Asubuhi ya kila mechi ulikuwa wa kwanza kufika kwenye uwanja ule wa saruji nyuma ya shule, na lile kopo lako la maziwa lililotobolewa chini. Ulikuwa unatembea kinyumenyume, umeinama, ukimwaga chokaa kwa kutikisa mkono, na mistari yako ilinyooka kuliko ya waliotumia kamba. Nilikuuliza mara moja kwa nini unaweka chokaa nene hivyo. Ulisema mstari mwembamba haushiki ushahidi. Na ushahidi wako wote ulikuwa huo. Mtu akitoka nje na mpira kwa kukanyaga mstari, na mwamuzi asione, ulikuwa humkimbilii mwamuzi. Ulikuwa unakwenda kwa mchezaji mwenyewe, unasimama mbele yake, unasema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi: "Inua kiatu, ndugu." Kama soli ilikuwa nyeupe, uwanja mzima uliona. Kama ilikuwa safi, uliomba radhi kwa kuweka mkono kifuani, mchezo ukaendelea.

Ulichosha watu, Assumani. Siandiki barua hii kukufanya malaika. Hiyo kazi wameshaifanya wengine, na tazama walichotoa. Kabambare ulituchelewesha mpaka dereva wa lori akatishia kutuacha, kwa ajili ya mpira mmoja katika mechi tuliyokuwa tumeshashinda. Mimi mwenyewe nilikufanyia mzaha hewani. Jina la Inua-Kiatu lilitoka mdomoni mwangu, likashika mji mzima, na wewe ukalivaa kama jezi.

Lakini kuna siku moja ambayo Mizani hana habari nayo, kwa kuwa hakuwepo. Tulikuwa nyuma kwa alama moja, ukapenya pembeni, ukafunga. Mwamuzi akakubali. Wenzako wakakurukia. Wewe ukawasukuma polepole, ukasimama kwa mguu mmoja kama korongo, ukainua kiatu chako mwenyewe ukamwonyesha mwamuzi soli. Mstari mweupe ulipita katikati yake. Alama zikafutwa, tukapoteza mechi. Rama, kapteni wenu, hakukusemesha siku tatu. Siku ya nne alikuja kwenye duka la kaka yako, akakaa, akasema, "Wewe mutu wa shida sana," mkaanza kunywa chai.

Sasa fainali.

Sekunde zilikuwa zimebaki chache, Kasongo mbele kwa alama moja. Kijana wa Salamabila anayeitwa Sefu alipenya upande wangu, mita mbili kutoka mezani. Mguu wake wa kulia ulitua juu ya mstari wa nyuma. Niliona chokaa ikiruka. Unyayo ukabaki pale, mstari ukiwa umekatika kama mkate. Akafunga. Mwamuzi alikuwa upande wa pili, migongo ya watu watatu mbele yake, akakubali. Sisemi alinunuliwa. Sina ushahidi wa hilo na siamini hivyo. Hakuona, basi. Zamani pangekuwa na mtu wa kumwambia.

Rama alifunga mdomo. Nataka ujue hilo. Aliweka mikono yake nyuma ya mgongo, akaishika, kwa sababu kanuni inasema mdomo na mkono. Halafu akainua mguu wake wa kulia, akaugeuza, akamtazama mwamuzi. Hakufanya kingine. Watu upande wa sokoni walielewa, wakaanza kusema jina lako, la mzaha, lakini bila kucheka.

Filimbi ikalia. Ishara nyingine yoyote. Kosa la adabu, mpira wa adhabu ukaingia, mechi ikaisha kwa tofauti ya alama mbili.

Kilichonitia kinyaa zaidi kilikuja baadaye, na watu wengi hawakukiona. Huyo Sefu hakushangilia na wenzake. Alikuja kuelekea meza ya waamuzi, anachechemea kidogo, kama mtu asiyetaka kuweka kiatu chini. Alikuwa anakuja kuonyesha. Ninasema hivi kwa sababu alishafungua mdomo kumwita mwamuzi, na maneno ya kwanza yalikuwa "Arbitre, mimi..." Kocha wake alimkamata jezi kwa nyuma akamvuta. Nilisikia alichomwambia: "Nyamaza. Na wewe utafungiwa."

Na kocha alisema kweli! Nilikisoma kifungu tena usiku ule. Mchezaji anayekiri kwamba amekanyaga mstari anapinga uamuzi wa mwamuzi aliyesema hajakanyaga. Wameandika kanuni ambayo mwizi na mwenye mali wanapigwa fimbo moja wakisema ukweli. Wewe, siku ile ya mguu mmoja, ungepoteza mshahara. Na kanuni hii wanaitetea kwa jina lako. Sefu aliondoka akiburuta kiatu kwenye majani ya kando ya uwanja mpaka soli ikawa safi, kisha akaenda kushika kombe. Kombe lako. Alilishika kama mtu aliyepewa kitu cha kubeba.

Rama amesimamishwa msimu mzima, na mshahara wake pamoja naye. Komite inakaa Jumatatu kuthibitisha au kufuta, na bila shahidi inathibitisha, kwa sababu mwamuzi ameandika ukweli wake: mchezaji alionyesha ishara. Rama aliacha kufundisha shule kwa ajili ya mshahara huu, na nafasi yake imeshachukuliwa. Mke wake yuko karibu kujifungua. Nilimkuta juzi anafunga sepeto na blanketi kwenye pikipiki ya shemeji yake. Amepata mtu wa kumpokea kwenye mashimo ya dhahabu ya Lusangi. Nilimwomba asubiri Jumatatu. Alinijibu bila hasira, akiniita kwa heshima ya ukubwa kama ulivyoniita wewe: "Yaya, nani ataongea? Mchezaji akisema, analipa." Amekubali kusubiri. Lakini sepeto hajalifungua.

Na mimi nimeletewa komunike, tangazo la komite, niisome kesho hewani. Iko hapa mbele yangu. Ina sentensi sita. Ya tano inasema adhabu hii imetolewa kwa kufuata mfano wa marehemu Assumani, ambaye katika maisha yake yote hakulalamika.

Nimefanya kazi hii miaka mingi. Nimesoma komunike za watu waliouana, na za daraja lililojengwa kwenye karatasi tu, na sauti yangu haikutikisika. Nilisoma, kisha nikasema ni nani aliyeandika. Nilidhani hiyo inatosha. Kwa hii moja haitoshi.

Nilikwenda kwa mama yako, Mama Zaina, kwa kuwa wewe ni wake kabla hujawa wa komite. Alikuwa anachambua mchele. Nilimsomea ile sentensi ya tano. Akaendelea kuchambua, akatupa jiwe dogo upande, akasema: "Yule mutu wanamusema, hakuzaliwa mu nyumba hii." Halafu akaniuliza kama nimekula.

Njiani nikirudi nilikumbuka Kabambare. Siyo lori; kilichotangulia lori. Ule mpira mmoja. Mpinzani alikuwa ameinua kiatu upesi upesi, akakishusha, mwamuzi hakuridhika, ukanigeukia mimi mezani: "Yaya, umeona?" Nilikuwa nimeona. Soli ilikuwa nyeupe. Nikakujibu kwamba mimi si arbitre, mimi niko kazini. Hukukasirika. Ulisema: "Basi andika hivyo: nimeona, nimenyamaza." Ukarudi kucheza, na jioni ile hewani nikakuita msumbufu aliyetuchelewesha. Uongo haukuwemo. Lakini ni mimi niliyekuchelewesha. Neno moja langu lingemaliza yale mabishano.

Hukuwahi kunikumbusha. Ningependa ungenikumbusha.

Basi leo nimetafuta daftari la siku ile. Kurasa zake zimeliwa na mchwa pembeni, lakini mechi ipo, na mahali pa ule mpira niliacha nafasi tupu. Nimeijaza kwa maneno yako, kwa wino wa leo, na tarehe ya leo kando ili asije mtu akadhani niliandika wakati ule. Nimeona, nimenyamaza.

Kesho nitasoma komunike yao yote, sentensi sita, bila kuruka. Watu wana haki ya kusikia walichoandikiwa. Baada ya ya tano nitasimama, niseme kwamba sentensi hii si kweli, na nitasimulia ile mechi ya mguu mmoja kama ilivyotokea, pamoja na kwamba tulipoteza. Mkurugenzi wangu anajua. Amenikumbusha kwamba mafuta ya jenereta ya redio yanatoka kwa Mizani. Nimemwambia najua yanakotoka. Akasema nisome polepole, watu wasikie vizuri.

Jumatatu nitaenda kwenye komite. Kanuni inafunga midomo ya wachezaji. Haikutaja mzee mwenye kalamu. Labda wataitaja wakishanisikia. Labda watanifukuza mezani na nitaangalia mechi nikiwa upande wa sokoni pamoja na wanaouza karanga, mahali ambapo, nikisema kweli, mistari inaonekana vizuri zaidi. Nitawaambia mguu gani, mstari upi, na chokaa iliruka kuelekea wapi. Sefu nimemtumia ujumbe. Hajajibu, na simlaumu. Kama atakuja, kiatu hakitakuwa na chochote. Nitakuwa mimi na yeye na maneno tu. Kama hatakuja, nitakuwa mimi.

Siwezi kukuahidi kwamba Rama atacheza. Unajua siahidi nisichokishika mkononi. Nakuahidi kwamba Jumatatu, mtu akiuliza nani ameona, hatahitaji kutazama soli kutafuta jibu; atanisikia mimi.

Pumzika sasa, ndugu yangu mgomvi. Mama Zaina amenipa lile kopo lako. Limeshika kutu, lakini matundu bado yako wazi. Jumapili ijayo kuna mechi, na tangu ufe mistari imekuwa myembamba mno. Nitafika mapema. Nitamwaga chokaa nene.

Yaya wako wa redio,
hapa Kasongo