Mume Wangu Hataki Tuweke Chumba, na Mimi Nimeshaweka

Mpendwa Mshauri,

Naomba unisaidie, tena upesi kabla hatujawasha gari, maana tunaondoka Ijumaa na nimeshafanya jambo ambalo mume wangu halijui. Usishtuke, si hilo unalofikiria. Nimeweka chumba.

Mimi ni mtandika vitanda katika hoteli moja, ghorofa ya tatu yote ni yangu, na mume wangu ni dereva wa lori la masafa, wenzake wanamwita Breki kwa sababu hazikanyagi, na tangu tuoane hatujawahi kusafiri pamoja pasipo msiba au harusi, lakini mwaka huu kaka yangu ametuazima gari lake dogo kwa likizo ya kiangazi, na Mshauri, sijui nikuelezeje, nyumba yetu haikaliki kwa furaha! Kifungua mimba wangu amefunga begi, akalifungua, akalifunga tena, kitinda mimba anakula chakula cha jioni ndani ya gari lililosimama uani eti anajizoesha, na mama mkwe, ambaye magoti yake hayampi amani hata kwenda dukani, ameshachukua kiti cha mbele na kututangazia kwamba anayekitaka amzike kwanza. Mimi mwenyewe napiga mluzi kwenye korido mpaka msimamizi ameniuliza kama nimepandishwa cheo.

Sasa shida. Breki anasema hatubuku chumba popote. "Mama watoto, barabara naijua kama kiganja changu," anasema. "Tutalala pale usingizi utakapotukuta. Ukishabuku umejifunga kamba, ukiona mahali pazuri huwezi kusimama." Na anavyolisema, macho yanamng'aa kama ya mtoto, hata mimi natamani kuamini. Lakini Mshauri, mimi nafanya kazi hotelini! Kila kiangazi naziona familia zinaingia mapokezi jua likizama, baba yuko mbele anatabasamu, watoto wamelala mabegani, na dada wa mapokezi anawaambia vyumba vimejaa, na lile tabasamu linavyomwondoka yule baba mbele ya mkewe, sitaki kuliona likimwondoka wangu.

Wiki iliyopita akasema basi, ngoja niwaonyeshe. Akatupakia sote mpaka mji wa jirani, njia nzima ni sifa, anatupeleka mahali pa uhakika, mlinzi yupo, taa zipo, maji yapo, chai saa zote. Tukafika, na ni kweli vyote vilikuwapo. Ilikuwa yadi ya malori. Mlinzi akampigia saluti, mpishi akamkumbatia, hata nafasi ya kuegesha kivulini akapewa. Mama mkwe akashusha kioo, akayatazama yale magurudumu yaliyomzidi kimo, akauliza kwa upole, "Mwanangu, kitanda kiko wapi?" Breki akakuna kichwa. Tukanywa chai, tukarudi nyumbani, na aliyefungua mdomo njiani ni kitinda mimba peke yake, akisema hajawahi kufika mahali pazuri kama pale.

Basi Jumatatu nikajifungia chumba cha kufulia kazini, nikapiga simu, nikaweka vyumba viwili kwenye nyumba ya wageni kando ya ziwa, usiku wa pili wa safari, vya chini kwa ajili ya magoti ya mama. Yule dada wa kwenye simu akaniita "mgeni wetu". Nilipokata simu nikakaa juu ya rundo la taulo nacheka peke yangu, maana miaka yote hii natandika vitanda vya watu na sijawahi kulalia kitanda nilichotandikiwa, lakini hilo si hoja, hoja ni magoti ya mama na watoto.

Jana Breki kaja mbio na habari kwamba siku ya pili hatupiti tena ziwani, tunapita njia ya milimani, kuna sehemu anataka tuione. Na mama mkwe, ambaye alinisikia nyumbani nikivithibitisha vyumba kwa simu, sasa ananikonyeza kila tukikaa mezani na kuuliza kwa sauti, "Hivi huko tusikokujua, maji ya moto yatakuwapo?" Mshauri, nifute chumba nimwachie barabara yake, au nimwambie nimharibie raha? Sitaki aone simwamini. Moyo unanidunda na sijui kama ni furaha au ni woga.

Mimi,
Mgeni Wetu

MSHAURI ANAJIBU

Mgeni Wetu,

Barua yako imenifanya nitamani kile kiti cha mbele, ila mama mkwe wako namwogopa.

Nianze na kukukaripia, halafu tutaelewana. Gari dogo lenye watu watano halina nafasi ya siri. Itakaa mapajani mwa nani? Tena umemwingiza bibi wa watu katika njama dhidi ya mtoto aliyemzaa mwenyewe, na kwa jinsi anavyokonyeza, siri hiyo haifiki Ijumaa. Je, unataka Breki ajue kutoka kwako, au kutoka kwa mama yake akiwa na kipande cha mkate mdomoni?

Mumeo si mjuaji wala hakudanganyi. Barabara anaijua kweli. Ila dereva wa masafa hulala kwenye kabini alinde mzigo, kwa hiyo huyo bwana anajua pa kuegesha, hajui pa kulala. Muulize kama amewahi kubisha hodi mapokezi hata mara moja. Na pale anaposema ukibuku huwezi kusimama, ulimsikiliza vizuri? Huyo ni mtu aliyepita mahali pazuri maisha yake yote akiwa na mzigo unaosubiriwa. Sasa amepata gari lisilo na mzigo, anataka kusimama, tena akiwa na ninyi. Hiyo ndiyo raha yake, usimnyang'anye.

Na wewe je? Umejificha nyuma ya magoti ya mama wa watu! Umeandika kwamba hujawahi kulalia kitanda ulichotandikiwa, halafu ukaandika kwamba hilo si hoja. Mwanangu, hiyo ndiyo hoja. Nimeisoma nikavua miwani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mvungu wewe unaujua kuliko sisi wote. Inama basi, useme unachokitaka.

Chumba usifute. Leo akirudi, kabla hajavua viatu, mwambie, "Baba watoto, nimeweka vyumba ziwani, nimekosea kukuficha. Nataka kulala mahali nilipotandikiwa, na nataka wewe ndiye unifikishe." Usitaje magoti ya mtu. Kisha muulize, kwa unyenyekevu kabisa, kama kuna dereva anayeweza kupita njia ya milimani, akasimama anapotaka kusimama, na bado akawahi ziwani kabla ya giza. Mtu anayeitwa Breki hawezi kulikataa swali hilo. Nawe piga simu tena, uulize wanakushikia vyumba mpaka saa ngapi, maana unajua jinsi mapokezi wanavyokuwa wageni wakichelewa.

Siku nyingine zote ni zake. Msibuku, mlale anapopaona pazuri, ila mkubaliane kwamba kutafuta chumba kunaanza jua likiwa bado juu, si watoto wakishalala mabegani. Mapokezi mwende wawili, yeye asalimie, wewe ukakague shuka. Na mkikuta vyumba vimejaa, atakayesema "si nilikwambia" akae nyuma, katikati ya watoto, njia nzima. Kitinda mimba naye apelekwe tena ile yadi ya malori mkirudi, kwa sababu ana haki yake.

Asubuhi ile ya ziwani mikono itakuwasha. Utataka kuvuta shuka, kubadili foronya, kuupiga mto ukae sawa. Acha. Mwandikie mwenzako anayetandika hapo neno la asante, liache juu ya meza, mshike mumeo mkono mtoke nje, na kitanda kibaki kimevurugika hivyo hivyo mlivyokiacha.