Mpagazi Aliyesema Hafanyi Mazoezi

Naro Moru,
Jumapili alasiri

Mpendwa mdogo wangu Mghoi,

Hamjambo huko Wundanyi? Mama anaendeleaje? Bado anakataa uji usiotiwa ndimu? Na mgongo wako, ule ulioulalamikia wakati wa Pasaka, umepoa au umeuficha tu? Mimi ni mzima. Baridi ya huku nimeizoea, ingawa mlima umejifunika tangu asubuhi.

Uliniomba nikuchagulie programu ya mazoezi ya kuweka kwenye simu, kwa sababu, kwa maneno yako, "nimenenepa, sifanyi mazoezi yoyote". Nilitaka kukujibu kwa mistari miwili. Kisha Alhamisi nikaona jambo ambalo mpaka sasa sijalimeza, ndiyo maana unapata barua nzima.

Niliona mpagazi akibebwa.

Nilishakusimulia habari za Maina, jirani yangu wa mlango wa pili, anayepandisha mizigo ya watalii mlimani, kifua kama mlango wa ghala. Nilikuwa nje nasahihisha insha za wanafunzi nilipomsikia mkewe, Nyambura, akipiga kelele: "Mwalimu! Kuja uone! Wamemleta kama gunia!" Wenzake walikuwa wamembeba kwenye blanketi, midomo imepauka, macho yanamzunguka. Mmoja wao akasema huku akihema, "Tumebeba mizigo mingi huko juu, lakini huu ndio wa kwanza kulalamika." Maina akajaribu kucheka, akashindwa. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Kwenye zahanati muuguzi akamuuliza, "Asubuhi ulikula nini?"

"Yai moja. Na tango."

"Na jana?"

"Kuku kidogo. Na tango."

"Ulikuwa mgonjwa?"

"Hapana, sista. Niko kwa programu."

Nyambura akamgeukia. "Ati programu? Ugali yangu inarudi kwa sufuria kila siku, unaniambia umekula kambini, kumbe ni simu imekukataza?"

Mghoi, nilidhani nimeshasoma upumbavu wa kila aina. Nimegombana na wahariri wa magazeti, na wachungaji, na kila aliyewahi kuitisha mkutano katika shule yetu. Kwa huu sikuwa tayari. Mtu anapandisha mzigo mpaka kwenye theluji, halafu simu iliyo mfukoni mwake inamnyima chakula kana kwamba anashinda kwenye kochi!

Alipotundikiwa maji na kupata nguvu kidogo, nikamwomba simu. Majibu yake yote yalikuwepo. Lengo: kupunguza mafuta. Mazoezi kwa wiki: hakuna.

"Hakuna, Maina? Wewe?"

"Mwalimu, hiyo ni kazi. Mazoezi ni ile ya watu wako na wakati. Wale wanakimbia na viatu safi."

"Na mafuta? Uko nayo wapi?"

"Niliona picha ya jamaa tumbo imekatika vizuri. Nikasema, huyu anafanana na guide."

Anataka kupandishwa cheo awe kiongozi wa wapanda mlima, na mtihani wake, ule uliomwangusha Alhamisi, ni kupanda na mzigo mzito mbele ya wakaguzi. Alihitaji miguu na pumzi, akachagua tumbo. Simlaumu. Mwulize mama anayeteremka na gunia la kahawa kule Gakindu, au anayeinama kutwa kwenye mpunga wa Wang'uru, kama anafanya mazoezi. Atakuambia hafanyi. Kosa ni la waliotunga swali hilo wakiwa wamekaa kwenye viti vya kuzunguka, wasijue kwamba kuna watu wanaotoka jasho bila kulipia ukumbi.

Jana tuliketi mezani kwangu tukazipekua programu nyingine. Ya kwanza ilitaka kujua kiuno chake kabla ya jina lake. Nikaifuta. Ya pili haikuujua ugali wala githeri, lakini ilijua maziwa ya lozi. Nikaifuta kwa hasira zaidi, mpaka Nyambura akasema, "Pole pole, Mwalimu, simu haina makosa." Ya tatu haina madoido. Kabla ya lolote iliuliza: kutwa unafanya nini, unakaa, unatembea, unabeba? Kisha: unataka kuweza kufanya nini? Si kufanana na nani, Mghoi. Kuweza nini. Maina akaandika: kupanda na mzigo bila kusimama. Tena inafanya kazi bila mtandao, maana huko juu hakuna.

Ushauri wake wa kwanza ulikuwa ale na apumzike. Maina akakasirika. "Ati nimeweka app iniambie nilale?"

"Basi si ulale tu," Nyambura akasema, akampakulia githeri.

Wakubwa wake wamempa nafasi nyingine ya mtihani mwezi ujao. Leo amekula sahani mbili, nami nimemsimamia kama mtahiniwa.

Sasa wewe. "Sifanyi mazoezi yoyote." Nimeisoma tena sentensi hiyo nikashtuka kuliko nilivyoshtuka Alhamisi. Nani anapandisha maji kutoka bondeni? Nani anamwinua Mama asubuhi, anamgeuza mchana, anambeba mpaka kwenye jua, peke yake, tangu alipopooza? Halafu unataka ujinyime chakula! Mgongo wako hauumi kwa sababu ya unene. Nimekutumia ile ya tatu. Ikikuuliza kazi yako, usiandike "mama wa nyumbani". Andika kwamba unambeba mama yako. Ikikuuliza lengo, achana na tumbo, andika mgongo. Na usikose kwenda kumwonyesha daktari mgongo huo kwanza, maana simu haina mikono ya kukupapasa.

Msalimie kaka yetu Mwakio, fundi wa baiskeli, umsomee hapa kwa sauti: siku programu itakaposema upumzike, anayemwinua Mama ni yeye. Msalimie na mumeo, aliyeanza kulitania tumbo lako. Mwambie shemeji yake amesikia na anakuja Agosti.

Mwambie Mama ndimu nitakuja nazo. Likizo nzima nitambeba mimi, nawe utakaa kwenye kiti ule, ukinitazama.

Dada yako asiyenyamaza,
Wakesho